Mabasi ya Montgomery 1955–56: watu walifikaje kazini siku 381? (uchambuzi wa kisa)

Kisa hiki nakitumia kila nikikaa na viongozi wa vikundi na vyama, na kila mara naanza na swali moja: kama leo jioni mji mzima umekubaliana hatupandi tena basi, kesho asubuhi mama anayepika kwenye nyumba ya watu upande wa pili wa mji anafikaje kazini? Na kesho kutwa? Na mvua ikinyesha?

Wengi tunaijua Montgomery, mji wa jimbo la Alabama kusini mwa Marekani, kwa picha moja, mama mweusi, Rosa Parks, amekaa kwenye siti ya basi kagoma kunyanyuka ampishe mzungu. Ilitokea kweli na ilihitaji moyo mkubwa sana. Ila kukataa kule kulikuwa kwa dakika chache, mgomo wa watu weusi kutopanda mabasi ukakaa siku 381, na ndani ya hizo siku kuna habari za magari, mafuta, bima, maandazi na kuku wa kuuza, mikutano ya usiku na makaratasi ya mahakama, na hayo ndiyo nataka tuyaangalie. Watu wa kwenye historia nimewataja kwa majina kwasababu dunia nzima inawajua. Dereva, abiria wa kawaida na watu binafsi waliopitiwa na mambo haya nimewaacha bila majina.

Hali ilivyokuwa ndani ya basi

Montgomery ilikuwa na watu weusi kama 50,000 hivi na kwenye mabasi ya mjini wao ndio walikuwa karibu robo tatu ya abiria. Shikilia hiyo robo tatu, tutairudia.

Basi lilikuwa na siti 36. Kumi za mbele ni za wazungu, hata kama ndani hamna mzungu hata mmoja mtu mweusi hakai, anasimama na mizigo yake anaziangalia ziko tupu. Kumi za nyuma za weusi. Hizo 16 za katikati ndo zilikuwa na kasheshe, maana dereva ndiye anayeamua mpaka uko wapi leo, na madereva wote walikuwa wazungu, na sheria ya jiji iliwapa mamlaka kama ya polisi wakiwa kwenye gari. Mzungu mmoja akikosa pa kukaa basi mstari mzima wa weusi unanyanyuka, sio mtu mmoja, mstari mzima, kwasababu mzungu na mweusi hawakutakiwa kukaa mstari mmoja.

Alafu kuna habari ya mlango. Unapanda kwa mbele, unalipa senti 10 zako, unashuka chini, unazunguka nje mpaka mlango wa nyuma ndio uingie. Na kuna madereva walikuwa wanaondoa gari mtu bado anazunguka na nauli ameshalipa. Rosa Parks mwenyewe aliteremshwa mwaka 1943 kwa kukataa kuzunguka hivyo, na dereva alikuwa ni yuleyule aliyekuja kumuitia polisi miaka 12 baadaye.

Kabla ya Desemba 1955

Hapa ndipo watu huwa wanaruka, na ukiruka hapa huwezi kuelewa kwanini mgomo uliwaka ndani ya siku nne.

Kulikuwa na chama cha wanawake weusi wasomi, Women's Political Council, kilianzishwa 1946 na Mary Fair Burks. Baadaye kikaongozwa na Jo Ann Robinson, mwalimu wa Kiingereza pale Alabama State College. Mwaka 1949 huyu mama alikaa siti ya mbele bila kufikiria, kwenye basi karibu tupu, dereva akamfokea na kumuinukia kama anataka kumpiga, akatoka mbio analia. Hilo jambo halikumtoka. Tarehe 21 Mei 1954, siku nne tu baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kusema ubaguzi mashuleni ni kinyume cha katiba, alimuandikia meya barua ya heshima kabisa akimkumbusha kwamba robo tatu ya abiria ni weusi na kwamba vikundi zaidi ya 25 vinaongelea kugomea mabasi. Mwaka mmoja na nusu kabla!

Tarehe 2 Machi 1955 binti wa miaka 15, Claudette Colvin, aligoma kunyanyuka, akatolewa kwa kuburutwa, akafungwa pingu. Viongozi waliangalia kama kesi yake inafaa kupelekwa mbele. Hakimu akacheza na mashtaka, yale ya kuvunja sheria ya ubaguzi yakafutwa, likabaki la kumshambulia polisi, kwahiyo hata ukikata rufaa unabishania kumpiga polisi, sheria yenyewe ya ubaguzi huigusi. Na kuna mengine yalisemwa pembeni, kwamba ni mtoto, ana hasira, ametoka familia ya chini, na baadaye mwaka huohuo akapata ujauzito. Wakamuacha. Oktoba akakamatwa Mary Louise Smith, miaka 18, naye akaachwa.

Na jirani kule Louisiana, mji wa Baton Rouge, Juni 1953, watu weusi walishagomea mabasi kwa siku chache wakiongozwa na mchungaji T. J. Jemison, na walikuwa na utaratibu wa magari ya kupeana lifti. Kumbuka hilo nalo.

Usiku wa stensili

Alhamisi tarehe 1 Desemba 1955, jioni. Rosa Parks, miaka 42, fundi cherehani kwenye duka kubwa la mjini, katibu wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, na kiangazi hichohicho alikuwa ametoka kwenye mafunzo ya wanaharakati pale Highlander, Tennessee. Alikaa siti za katikati. Mzungu mmoja akawa amesimama, dereva akaamuru watu wanne wa mstari ule wanyanyuke, watatu wakanyanyuka, yeye akabaki. Akakamatwa.

E. D. Nixon, mhudumu wa mabehewa ya kulala kwenye treni na mwana chama cha wafanyakazi wa siku nyingi, ndiye aliyekwenda kumdhamini, pamoja na mwanasheria mzungu Clifford Durr na mkewe Virginia. Wakili Fred Gray, kijana wa miaka 24, akampigia simu Jo Ann Robinson usiku ule.

Sasa angalia huyu mama alifanya nini. Hakuitisha kikao. Usiku wa manane alikwenda chuoni, na mwalimu mwenzake mmoja na wanafunzi wawili, wakafungua chumba cha mashine ya kudurufu, wakaandika ujumbe mfupi kwenye stensili, ile karatasi ya kutolea nakala, wakaupanga mara tatu kwenye karatasi moja ili karatasi ikikatwa itoe vipeperushi vitatu, wakazungusha mashine mpaka kunakucha. Makumi ya maelfu ya vipeperushi. Karatasi za chuo cha serikali hizo, wangejulikana wangefukuzwa wote. Ijumaa asubuhi wakawa wanapita na gari shule hadi shule, wanafunzi wanasubiri kwenye kona, wanachukua bando na kusambaza, kwenye saluni, vilabu, viwandani. Ujumbe ni mmoja: Jumatatu usipande basi.

Ndio maana nasema vikundi vingi vinakufa kwa kusubiri kikao. Hawa wanawake kikao walishakaa miaka, mpango ulishakuwepo, walichokuwa wanasubiri ni siku.

Wachungaji walikutana Ijumaa jioni, wakakubali kutangaza makanisani Jumapili. Na kuna kitu kingine kikatokea, kipeperushi kimoja kikafika mikononi mwa mzungu, gazeti la mji likaandika habari yote ukurasa wa mbele kuonya watu, na ambao hawakupata kipeperushi wakaisoma gazetini.

Jumatatu tarehe 5, saa kumi na mbili asubuhi, basi la kwanza lilipita mbele ya nyumba ya Martin Luther King Jr., mchungaji wa miaka 26. Siku za kawaida basi hilo linajaa wafanyakazi wa ndani wanaokwenda kwa mabosi wao. Lilikuwa tupu. La pili tupu. Polisi walikuwa wanafuata mabasi kwa pikipiki kwa madai ya kulinda abiria weusi wasitishwe na wenzao, na matokeo yake hata yule aliyekuwa anasitasita akaona pikipiki za polisi akaamua kutembea. Mwanafunzi mmoja wa chuo alikamatwa eti anatisha abiria, kumbe alikuwa anamvusha bibi mmoja barabara.

Siku hiyohiyo Rosa Parks alipigwa faini dola 10 na gharama za kesi dola 4. Mchana viongozi wakaunda Montgomery Improvement Association, MIA, wakamchagua King mwenyekiti, sababu mojawapo ni kwamba alikuwa mgeni mjini, hana ugomvi na kundi lolote. Usiku watu kama 5,000 walifurika kanisa la Holt Street, wengine nje wanasikilizia spika, na uamuzi ukatoka kwa watu wenyewe: tunaendelea.

Uamuzi wa kwanza: tudai nini

Walidai vitu vitatu. Madereva wawe na adabu kwa abiria weusi. Kukaa iwe anayetangulia, weusi wakianzia nyuma na wazungu mbele, bila mtu kunyanyuliwa. Na waajiriwe madereva weusi kwenye njia zenye abiria wengi weusi.

Soma tena uone. Hakuna sehemu wanasema ondoeni ubaguzi. Walitaka ubaguzi wenye heshima kidogo, mfano wa Mobile, mji mwingine wa Alabama hiyohiyo, ambako kulikuwa na utaratibu wa namna hiyo. Walifikiri wakidai kidogo watapewa haraka na kila mtu atarudi kwenye maisha yake. Kampuni na jiji wakakataa hata hicho. Mimi naamini kukataa kule ndiko kulikoua ubaguzi kwenye mabasi ya Montgomery, maana wangekubali ile wiki ya kwanza mgomo ungeisha na sheria ingebaki palepale.

Usafiri: hapa ndipo kazi ilipokuwa

Siku za mwanzo walitegemea teksi za weusi. Zilikubali kubeba kwa senti 10 kila mtu, bei ya basi. Ilikuwa msaada mkubwa ila ilikuwa na tundu: kulikuwa na sheria ya jiji inayosema nauli ya chini ya teksi ni senti 45, na polisi wakaanza kuitumia. Mwenye mshahara wa mpishi wa nyumbani hawezi senti 45 kwenda na 45 kurudi.

King akampigia Jemison kule Baton Rouge. Nenda kwa aliyetangulia, muulize alifanyaje, basi. Jemison akamueleza utaratibu wao wa magari ya lifti, na ndani ya siku chache Montgomery wakawa na wa kwao, kamati ya usafiri chini ya Rufus Lewis. Magari kama 300 ya watu binafsi yakatolewa. Kuna waliosita, hasa wenye gari nzuri na hadhi mjini, kubeba watu wasiowajua, ila wengi walitoa. Wafanyakazi weusi wa posta wanaojua kila mtaa walisaidia kuchora njia kwenye ramani. Vikawekwa vituo zaidi ya 40, vya asubuhi huko wanakoishi watu, vya jioni huko wanakofanyia kazi, na katikati ya mji kiwanja cha kuegesha magari cha mfanyabiashara mweusi kikawa stendi kuu. Rosa Parks mwenyewe kuna kipindi alikaa kwenye kupanga magari, nani aende wapi.

Nauli ilikuwa haitozwi moja kwa moja, na hili ni la kisheria, maana ukitoza nauli umekuwa teksi bila leseni. Watu walitoa mchango kwa chama, chama kinalipa mafuta.

Fedha zilitoka wapi? Mwanzo zote za palepale, sahani inapita kwenye mikutano ya Jumatatu na Alhamisi usiku. Na hapa lazima nimtaje Georgia Gilmore, mpishi. Alikusanya wanawake wenzake, wakawa wanapika nyumbani, kuku wa kukaanga, samaki, keki, pai, wanauza saluni, kwenye mikutano, mlangoni kwa watu, hela inakwenda kununua mafuta. Kikundi chao wakakiita Club from Nowhere, klabu isiyotoka popote, ili bosi akiuliza hela zimetoka wapi jibu liwe la kweli: hazijatoka popote. Na wazungu wengine walikuwa wananunua zile pai. Yeye mwenyewe alifukuzwa kazi baada ya kutoa ushahidi mahakamani, akageuza jiko la nyumbani kwake kuwa mgahawa.

Baadaye michango ikaja kutoka majimbo mengine na nchi za nje, wakanunua stesheni wagoni, wakaziandikisha kwa majina ya makanisa, watu wakaziita makanisa ya magurudumu. Kwanini kwa majina ya makanisa? Gari la kanisa kubeba watu ni ngumu zaidi kulishtaki. Jiji likaona haliwezi kuyakamata, makampuni ya bima ya kule yakaanza kufuta bima zake moja baada ya nyingine. Gari bila bima halitembei. Wakahangaika wiki nzima nzima, mwisho wakala mmoja mweusi wa Atlanta akawapatia bima kupitia Lloyd's, soko la bima la London. Yaani mama wa Alabama afike jikoni asubuhi, karatasi yake ilibidi itoke Uingereza.

Kuna lifti nyingine ambayo haikuwa kwenye mpango wa mtu. Wanawake wa kizungu walikuwa wanakwenda wenyewe kuwachukua wafanyakazi wao wa ndani kwa magari yao. Meya akawasihi hadharani waache, kwamba wanaendesha mgomo bila kujua. Wengi hawakuacha, walitaka chakula kipikwe na watoto waangaliwe.

Na maelfu walitembea tu. Hilo tusilisahau kwenye habari za magari, gari hazikutosha kila mtu kila siku.

Jiji lilivyojibu

Januari 1956 jiji likaamua kukaza. Tarehe 21 King akasikia kutoka kwa mwandishi wa habari wa Minneapolis kwamba kesho yake gazeti litatangaza mgomo umeisha, kwamba wachungaji watatu weusi wamekubaliana na jiji. Hao watatu hawakuwa hata wawakilishi wa MIA. Ilikuwa Jumamosi usiku. Sasa unamfikiaje kila mtu kabla ya Jumapili asubuhi? Wakagawana, wachungaji wakapigiana simu watangaze makanisani, na King na wenzake wakazunguka vilabu vya pombe usiku uleule kuwaambia watu habari ni ya uongo. Jumatatu mabasi yakawa matupu kama kawaida. Mimi hii naiona ni moja ya kazi nzuri kuliko zote kwenye kisa kizima, kwasababu hawakujiuliza kama klabu ni mahali pa mchungaji, walijiuliza tu watu wako wapi saa hii.

Madereva wa lifti wakaanza kuandikiwa makosa barabarani kila siku, umekwenda haraka, umekwenda polepole, umesimama vibaya. King alikamatwa tarehe 26 Januari kwa kwenda maili 30 kwenye eneo la maili 25. Tarehe 30 nyumba yake ikalipuliwa kwa bomu, mkewe Coretta na mtoto mchanga wakiwa ndani, wakapona. Siku mbili baadaye kwa Nixon. Gari la Jo Ann Robinson likamwagiwa tindikali. Februari wakaibua sheria ya mwaka 1921 ya kuzuia migomo ya kususia biashara, na viongozi zaidi ya 80 wakashtakiwa kwa mpigo, na wengi walikwenda wenyewe kituoni wamevaa nguo za kanisani, hawakusubiri kufuatwa. Ile hofu ya kukamatwa, iliyokuwa inafanya kazi miaka yote, siku hiyo ilikatika.

Uamuzi wa pili: mahakama ya shirikisho

Kesi ya Rosa Parks ilikuwa imekwama kwenye mahakama za jimbo, na huko wangeweza kuizungusha miaka. Fred Gray akaona afungue kesi mpya moja kwa moja mahakama ya shirikisho, yaani ya serikali kuu ya Marekani na sio ya jimbo, akipinga sheria yenyewe kwamba inavunja katiba. Ilifunguliwa tarehe 1 Februari 1956, siku mbili baada ya bomu kwa King, inaitwa Browder v. Gayle. Parks akaachwa nje kwa makusudi ili kesi yake ya jinai isichanganywe. Walalamikaji wakawa Aurelia Browder, Susie McDonald, Mary Louise Smith, na Claudette Colvin, yule binti aliyeachwa mwanzoni. Wa tano alijitoa baada ya vitisho.

Mei wakasikilizwa. Mawakili wa jiji walikuwa wanataka kuonyesha kwamba watu wamechochewa na King. Colvin alipoulizwa kiongozi wao nani, akajibu kwamba viongozi wetu ni sisi wenyewe. Miaka 16.

Tarehe 5 Juni majaji wawili kati ya watatu wakasema ubaguzi kwenye mabasi ni kinyume cha katiba. Jiji likakata rufaa. Na kitu ambacho wengi hawajui, kampuni ya mabasi ilikuwa imeshachoka tangu Aprili, ikawaambia madereva waache kulazimisha ubaguzi, jiji likaipeleka kampuni mahakama ya jimbo na kuilazimisha iendelee. Ile robo tatu ya abiria ndiyo ilifanya hivyo. Mwenye mabasi alitaka wateja wake, aliyekataa ni mwenye sheria.

Matokeo

Tarehe 13 Novemba King alikuwa mahakamani, jiji linaomba zuio dhidi ya magari ya lifti. Alijua wakipewa hilo zuio mgomo unaweza kuvunjika. Wakati wa mapumziko mwandishi wa habari akampa kikaratasi: Mahakama Kuu ya Marekani imethibitisha hukumu ya Juni. Mchana uleule zuio likatolewa pia. Kwahiyo siku moja wameshinda kesi na wamepoteza magari.

Na amri yenyewe ya Washington ilikuwa haijafika. Zaidi ya mwezi mzima watu walikaa bila magari ya chama na bila kupanda basi, majirani wanapeana lifti mtaa kwa mtaa, wengine kwa miguu. Huo muda waliutumia kufanya mazoezi. Kanisani walipanga viti kama siti za basi, mmoja anakuwa dereva, wengine wazungu, wengine weusi, wanaigiza mtu anatukanwa, mtu anasukumwa, alafu wanajadili. Wakatoa karatasi ya maelekezo: ukikaa karibu na mtu, mweupe au mweusi, sema samahani. Ukitukanwa usitukane. Ukisukumwa usisukume. Usijisifu.

Amri ilifika tarehe 20 Desemba 1956. Tarehe 21 asubuhi King, mchungaji mwenzake Ralph Abernathy, Nixon na mchungaji mzungu Glenn Smiley wakapanda basi la mapema, wakakaa mbele.

Siku chache baadaye mabasi yakaanza kupigwa risasi usiku. Mama mmoja mjamzito akapigwa risasi za miguu yote miwili. Januari 1957 makanisa manne yakalipuliwa usiku mmoja. Baadaye hali ikatulia, ubaguzi kwenye mabasi ukawa umeisha kisheria.

Kilichofanya kazi

Mpango ulikuwepo kabla ya tukio. Hili ndilo nalisisitiza kuliko yote, ile barua ya 1954 na uzoefu wa Baton Rouge ndio uliofanya siku nne zitoshe.

Mtandao wa taarifa uliotosha kumfikia kila mtu kwa usiku mmoja, shule, kanisa, saluni, klabu, na mikutano miwili kila wiki ambayo watu wanaambiwa ukweli na wanaimba pamoja. Bila ile mikutano uongo wa Januari ungepita.

Njia mbili kwa wakati mmoja. Kuna mabishano ya zamani, mgomo ndio ulioshinda au kesi? Mimi naona ukitoa kimoja hakuna ushindi. Kesi peke yake ingechukua watu wanne, na hao wanne wangetishwa mmoja mmoja kama yule wa tano. Mgomo peke yake ungezuiwa na lile zuio la Novemba.

Kilichofeli

Waliodai ajira ya madereva weusi hawakuipata kwenye hukumu, mahakama iliongelea siti tu.

Wanawake waliosuka kila kitu hawakuonekana mbele. Jumatatu usiku pale Holt Street Rosa Parks alikuwepo jukwaani na hakupewa nafasi ya kuongea. Viongozi waliochaguliwa wengi ni wachungaji, na unaelewa sababu, mchungaji halipwi na mzungu, mwalimu wa chuo analipwa na serikali. Sababu ipo ila bei yake ililipwa na wanawake.

Na mpango wa kuwatunza waliobeba mzigo haukutosha. Parks alipoteza kazi Januari 1956, mume wake naye akaacha yake, na 1957 wakahama mji kwenda Detroit kutafuta maisha. Jo Ann Robinson alijiuzulu chuoni 1960 baada ya shinikizo la serikali ya jimbo. Chama kilikuwa na kamati ya usafiri na kamati ya fedha. Msaada wa kuwatunza watu hawa haukutosha, na kwenye mafunzo yangu hapo ndipo napoona watu wananyamaza, kwasababu kila kikundi kina mtu wa namna hiyo aliyeachwa nyuma.

Colvin alikwenda New York, akafanya kazi za kutunza wagonjwa miaka mingi kimya. Adhabu yake ya 1955 ilikuwa kuwekwa chini ya uangalizi wa mahakama, na hakuna aliyewahi kumpa taarifa kwamba uangalizi umeisha, familia yake ikawa inaingiwa na hofu kila anapokwenda Alabama kuwasalimia. Mwaka 2021 alirudi Montgomery akaomba rekodi ile ifutwe, hakimu akakubali. Alikuwa na miaka 82.